Milisekunde Moja ya Uongo

Kwetu Lubumbashi neno makala ni la jikoni kwanza: ndiyo mkaa unaoivisha bukari, ugali wetu. Haya yangu ya leo ni ya gazetini, lakini nayo nataka yawake, maana nimechoka kuona watu wazima, wenye akili zao, wakitoa dola mia na zaidi kwa ajili ya namba iliyoandikwa kwenye boksi.

Juzi nilikuwa katikati ya mji, kwenye duka ambalo sitalitaja. Kijana wa pale alinionyesha skrini ya inchi 24, mpya, bado imevaa nailoni. Kwenye boksi, kwa herufi kubwa kuliko jina la mtengenezaji, pameandikwa 1 ms. "Papa, hii iko muzuri," akaniambia. "Iko LED, na iko na milisekonde moja. Batoto ba play banapenda hii sana." Nikamwomba aiwashe. Kurant, yaani umeme, hakuna. Nikamwambia nitangoja. Akakuna kichwa, akaenda nyuma, jenereta ikaguruma, skrini ikawaka: bibi mmoja wa tangazo, kashika maua, anacheka. Hapo nikapiga magoti mbele ya meza, na suruali yangu ya Jumapili, nikaitazama skrini kutoka chini. Yule bibi akaharibika. Shavu likawa jeusi, nywele zikawa za kijivu kama zimemwagiwa majivu, meno yakageuka kama negativu ya studio ya zamani. "Papa, unatafuta nini mu chini ya meza?" Nilichokuwa nakitafuta nilikuwa nimeshakipata.

Magoti hayo nilifundishwa na hasara. Miaka michache iliyopita nilinunua skrini kwa kusoma boksi tu, kwa sababu siku hiyo pia kurant haikuwapo na muuzaji aliapa kwa jina la mama yake. Kazi yangu ya pembeni ni kusafisha picha za ndoa. Nikakesha na picha za bibi harusi mmoja wa Katuba, hapa hapa mjini, mweusi wa kung'aa. Kwenye skrini yangu uso wake, kwa kuwa ulikuwa sehemu ya juu ya picha, ulionekana umezama gizani. Nikaupandisha mwanga. Nikaupandisha tena. Albamu ilipotoka kuchapishwa, mama yake aligeuza kurasa mbili, akaniuliza kwa upole ulionikata kuliko tusi: "Papa, mulimupaka unga?" Nilirudia albamu nzima kwa pesa yangu. Uso ule haukuwa na giza hata kidogo. Ni skrini iliyokuwa na giza sehemu yake ya juu, na mimi nikamtibu asiyeumwa.

Basi tuanze na hiyo milisekunde moja, sehemu moja ya elfu ya sekunde. Inahusu kitu kimoja tu: muda ambao pikseli, ile nukta ndogo ya skrini, huchukua kutoka kijivu hiki kwenda kijivu kile. Tena si safari nzima: kwa desturi ya wapimaji, saa huanza kuhesabu pikseli ikiwa imeshatembea asilimia 10 ya njia, na husimamishwa ikifika asilimia 90. Tena mtengenezaji huchagua mwenyewe kijivu cha kuanzia na cha kumalizia. Tena mara nyingi huipata namba hiyo akiwa amefungulia hadi mwisho kile kisukumizi kinachoitwa ovadraivu, ambacho kikikazwa namna hiyo huifanya pikseli ipitilize mstari kisha irudi, nawe ukaona kivuli cheupe kikikimbiza kila kitu kinachotembea. Nani anatumia skrini hivyo nyumbani? Ni sawa na dereva wa basi la Likasi anayekuapia kwamba gari lake hufika kwa saa moja, bila kukuambia kwamba alifika hivyo mara moja tu, usiku wa manane, bila abiria.

Boksi jingine lina ujanja zaidi: linaandika 1 ms, halafu kwa herufi ndogo MPRT. Hapo hawapimi tena pikseli kugeuka, wanapima ukungu ambao jicho linauona kitu kikitembea, na kwa kawaida namba hiyo hufikiwa kwa kuzimisha-zimisha taa ya nyuma mpaka skrini inafifia. Mwaka 2022 VESA, chama cha kimataifa kinachoweka viwango vya skrini, kilileta kipimo kipya kiitwacho ClearMR, kwa sababu namba za zamani za ukungu zilikuwa hazimwambii tena mnunuzi jambo la maana. Wenye viwanda wameshaona aibu. Sisi huku namba hizo bado tunaziimba.

Na namba ambayo ingemfaa mnunuzi haimo kwenye boksi kabisa. Hiyo ni namba ya uchelewaji: muda unaopita tangu kidole kibonyeze mpaka jicho lione.

Anayemkumbuka Robert Kidiaba golini kwa TP Mazembe ataelewa upesi. Ni yule yule aliyerukaruka kwa makalio mwaka 2010, Mazembe ilipoifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Wepesi wa mikono ya kipa ni jambo moja, na saa anayouona mpira ni jambo jingine. Mwachie Kidiaba mikono yake, halafu mvalishe miwani inayomwonyesha kila kitu kikiwa kimechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mpira unaokwenda kilomita 100 kwa saa utakuwa umetembea karibu mita 2.8 kabla hajajua umepigwa. Ataruka vizuri sana, kuelekea mahali mpira ulipokuwa. Boksi linakusifia mikono. Habari za miwani limezinyamazia.

Miwani hiyo hutengenezwaje? Picha ikifika kwa waya wa HDMI, skrini nyingine, hasa televisheni, haziionyeshi papo hapo. Huishika kwanza, huipanua, huipaka rangi za kuvutia, huilainisha mwendo, ndipo huitoa. Kila kazi kati ya hizo inakula muda. Televisheni iliyoachwa kwenye hali ya sinema huweza kuchelewa milisekunde 100 na zaidi, na hiyo hiyo ikiwekwa kwenye hali ya mchezo huweza kushuka hadi 20 au chini ya hapo. Skrini ya kompyuta ya hezi 60, yaani picha 60 kwa sekunde, hata iwe nzuri namna gani, ikipimwa katikati ya kioo haitashuka sana chini ya 8, maana huchora picha kutoka juu kwenda chini kwa milisekunde 16.7, na katikati ni nusu ya safari. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kwenye skrini ya hezi 60 utaona mambo baada ya milisekunde moja, ama hajui au anajua sana.

Nenda jioni kwenye kibanda cha play, michezo ya video, kokote Katuba, au Kenya, Kenya yetu ya Lubumbashi, si ile ya Nairobi. Vijana wawili, mechi moja ya FIFA, anayeshindwa analipa. Televisheni kubwa iliyonunuliwa okazi, imeshatumika kwingine, rangi zimepandishwa mpaka nyasi zinauma macho. Kijana anabonyeza kupiga shuti, mchezaji anafikiri kwanza, beki keshafika. Anatukana pad. Anamtukana mwenzake. Mwenye kibanda naye, kwa kuchoka na kelele, anakwenda kununua pad mpya. Kumbe dawa ingekuwa kufungua menyu na kuchagua hali ya mchezo, bila kutoa hata franga moja. Nimewafanyia hivyo vijana wa jirani yangu, na aliyekuwa akishindwa kila siku bado anashindwa, ila sasa anajua ni kwa makosa yake mwenyewe. Hiyo nayo ni haki.

Sasa paneli. Ndani ya kila skrini ya LCD kuna fuwele za kimiminika zinazogeuka kama mbao za dirisha la luva, ziruhusu au zizuie mwanga wa taa iliyo nyuma. Taa hiyo ndiyo LED. Anayekuambia "hii si LCD, hii ni LED" amekuuzia jina la taa, kama mtu anayekuuzia nyumba kwa kusifia balbu. Jinsi luva zinavyogeuka ndiyo aina ya paneli, na aina kubwa ni tatu. TN ni mkongwe, uvumbuzi wa Schadt na Helfrich kule Basel, Uswisi, mwaka 1970: wa bei ya chini, mwepesi, lakini ukimtazama kutoka chini anageuza sura, kama nilivyoona nikiwa nimepiga magoti. IPS ilitoka Hitachi ya Japani mwaka 1996: fuwele zake hugeuka zikiwa zimelala sambamba na kioo, ndiyo sababu rangi inabaki ile ile ukikaa pembeni, ingawa weusi wake gizani unaelekea kijivu. VA ndiyo yenye weusi wa kweli: ambapo TN na IPS hutoa mwanga unaozidi giza lao mara 1000, VA hufika mara 3000. Lakini kitu cheusi kikitembea juu ya kitu cheusi, VA huacha masizi nyuma yake.

Hapa ndipo hasira yangu inapopanda. Tazama makosa haya yanaangukia wapi. TN huharibu kwanza rangi za giza. Paneli ya biti 6 ina ngazi 64 tu za mwanga kwa kila rangi badala ya 256, na ngazi hizo chache huonekana zaidi kivulini, ambapo shavu linapaswa kuteremka polepole kutoka kahawia kwenda nyeusi lakini linateremka kwa ngazi kama za jengo. VA huchelewa zaidi inapotoka giza kwenda giza. Na sura zetu sisi, jamani, zinakaa wapi katika picha? Zinakaa hapo hapo. Zamani wenye maabara za picha walisawazisha rangi kwa kadi za Shirley za Kodak, zenye mwanamke mzungu, na watu weusi wakatoka kwenye picha kama vivuli vyenye meno. Kadi zile zimekwenda zao, lakini skrini mbovu inaendeleza kazi yao kimyakimya. Sisemi kuna aliyekusudia. Nasema anayeumia ni yule yule.

Na hili linatokea katika mji gani? Mji aliozaliwa mpiga picha Sammy Baloji mwaka 1978, mji wenye Biennale yake ya sanaa tangu 2008, mji ambao wachoraji wake walisimulia historia ya nchi nzima kwa turubai. Watu wa jicho namna hii kuuziwa skrini gizani!

Lakini kinachoniuma zaidi ni hiki. Sisi ni watu wa shaba. Katanga hii, kama kuna mahali duniani watu wanajua maana ya kipimo, ni hapa. Shaba ikitoka kwetu kupitia Kasumbalesa, mnunuzi haamini karatasi. Anachukua sampuli, anaipeleka maabara, anataka kuona asilimia 99.99 kwa macho yake, na ikipungua hapo bei inaanguka. Nenda Musompo, nje kidogo ya Kolwezi, umwone mchimbaji aliyetoka shimoni na gunia lake: anasimama mbele ya kimashine cha kupimia madini, anatazama namba inayotokea, na anajua kwamba namba hiyo ndiyo bukari ya watoto wake. Wachimbaji wamelalamika miaka na miaka kwamba kipimo kinachezewa. Wanajua namba inavyoweza kumwibia mtu mchana kweupe. Shaba yetu ikitoka inapimwa. Ikirudi kwetu ndani ya nyaya za skrini, tunaipokea kwa makofi, na namba zozote zitakazoandikwa kwenye boksi tunazimeza bila maji.

Mama yangu hakuwahi kununua unga wa bukari kwa kusoma mfuko. Aliutia kidoleni, akausugua, akaunusa, akamwuliza mwenye unga mahindi yamesagwa lini. Samaki alimfunua mashavu. Kwa nini mtoto wake, aliyesoma, anunue kitu cha dola mia bila kukiwasha?

Najua majibu. La kwanza: "Hayo ni mambo ya watoto wa play." Si kweli. Mwenye studio ya picha ni mtoto? Daktari anayesoma eksirei kwenye kompyuta ni mtoto? Familia ya watu saba lupangoni, wanne wamekaa pembeni ya televisheni kwa kukosa nafasi, nao wanaangalia sinema ya rangi nyingine, hao wote ni watoto?

La pili lina uzito zaidi: "Mtu maskini achague nini? TN ndiyo anayoiweza." Sawa. Sipigani na TN. Mwenye sekretariati ya karibu na chuo, anayepiga chapa kazi za wanafunzi kuanzia asubuhi hadi usiku, amekaa mbele ya skrini yake wima, TN inamtosha kabisa, na milisekunde 30 za kuchelewa hatazihisi kwenye herufi. Anunue, aweke akiba. Mwenye chumba chenye giza anayependa sinema, VA itampa raha. Anayegusa picha za watu, au anayeangalia na wenzake, atafute IPS, hata kama ni ya okazi iliyotumika ofisini Ulaya miaka mitano. Ninachopigana nacho ni kumchagulia mtu kwa kumficha. Maskini ndiye hasa anayepaswa kuambiwa ukweli, kwa sababu hana pesa ya kukosea mara mbili.

La tatu linatoka kwa wauzaji wenyewe: "Sisi tunaletewa kontena kutoka Dubai, hatujui ndani kuna nini." Ndugu yangu, mbona bei unaijua?

Tena ukweli mara nyingi upo, ila umewekwa mahali ambapo hakuna anayesoma. Geuza boksi, acha hiyo 1 ms, tafuta herufi ndogo. Ukiona pembe za kutazama ni 170 kwa 160, hiyo ni TN, hata waandike nini mbele. Ukiona 178 kwa 178 na kontrasti, yaani mwanga dhidi ya giza, ya 3000 kwa 1, hiyo ni VA. Ukiona 178 kwa 178 na 1000 kwa 1, karibu hakika ni IPS au ndugu yake. Kontrasti ya milioni, ile wanayoiita dainamiki, ipite kama unavyompita mlevi. Na kwenye skrini za okazi za zamani, rangi milioni 16.2 badala ya 16.7 ni paneli ya biti 6 inayojifanya kubwa.

Kisha ujipimie. Weka kwenye flashi picha mbili: moja ya kijivu kinachoteremka taratibu kutoka nyeupe hadi nyeusi, nyingine ya uso wa mtu wako, mweusi kama alivyo, aliyepigwa kivulini. Zifungue dukani. Simama, kaa, nenda pembeni, piga magoti. Kama ni uchelewaji unaokusumbua, tumia simu yenye kurekodi polepole: kwa fremu 240 kwa sekunde, kila fremu ni kama milisekunde 4. Rekodi kidole chako kikisukuma kipanya pamoja na mshale kwenye skrini, hesabu fremu zinazopita kabla mshale haujaamka. Kipimo hicho kinabeba pia uzito wa kompyuta na kipanya, kwa hiyo linganisha skrini mbili kwenye kompyuta moja. Maabara ya maskini, lakini ni maabara.

Kwa wauzaji nina ombi dogo: kwenye kile kikaratasi cha bei, ongezeni neno moja, TN, IPS au VA. Herufi mbili au tatu, kalamu mnayo. Kwa OCC, ambayo kazi yake ni kukagua bidhaa zinazoingia nchini: skrini nazo ni bidhaa, na maneno ya kwenye boksi nayo yanastahili kukaguliwa. Na kwa kuwa Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, siku moja ningependa kusoma karatasi ya maelezo ambayo mama yangu angeielewa.

Kwako wewe unayesoma, mwenye pesa mfukoni na hamu machoni: kurant ikikatika ukiwa dukani, usinunue. Rudi kesho. Ikiwepo, washa, piga magoti, tazama. Wakikucheka, waache wacheke. Suruali inafuliwa, albamu ya harusi hairudiwi bure. Na muuzaji akikataa kuiwasha skrini yake mbele yako, huna haja ya kujua milisekunde zake ni ngapi. Toka nje.